Saa mbili za bure kwenye motowei, na barua ya pauni 100 inayofuata

Swali limetoka kwa dada anayeishi Leicester, Uingereza. Alikuwa akirudi kutoka arusini Glasgow, Scotland, usiku, na ndani ya gari alikuwa na mama yake na watoto wawili. Usingizi ulipomzidi aliingia kituo kimoja cha mapumziko kwenye motowei (barabara kuu ya magari ya mwendo kasi) ya M6, upande wa England, akalala garini. Aliingia saa 7:10 usiku na kutoka saa 10:25 alfajiri. Siku nane baadaye ikaandikwa barua ya kudai pauni 100 kwa kuzidisha saa mbili za maegesho ya bure, au pauni 60 akilipa ndani ya siku 14. Gari limesajiliwa kwa jina la mumewe, ambaye usiku ule alikuwa Mombasa. Anauliza: hii ni faini ya serikali? Jamaa wanamwambia aitupe, je, wana haki? Mume wake atalipia kosa ambalo hakulifanya? Na itaathiri karatasi zake za ukaazi?

Dada yangu, pole kwa usumbufu. Kabla ya barua, niseme jambo moja: ulifanya vizuri kusimama. Gari lililobeba mama na watoto halipaswi kuendeshwa na mtu anayesinzia, na hakuna barua ya pauni 60 wala 100 inayoweza kubadilisha ukweli huo. Highway Code, kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza, kinamshauri dereva wa safari ndefu apumzike walau dakika 15 kila baada ya saa mbili za kuendesha. Akihisi usingizi, kinamtaka asimame mahali salama, na ukingo wa motowei si mahali hapo, kwa sababu ni wa dharura tu. Kwa hiyo anayesinzia kwenye M6 saa saba usiku ana sehemu moja tu ya kwenda, nayo ni pale ulipokwenda.

Na ndiyo maana maegesho yale yana saa za bure. Si zawadi ya mwenye duka la kahawa. Serikali inaporuhusu kituo kiwekewe alama kwenye motowei za England, inakipa masharti: kiwe wazi saa 24 kila siku ya mwaka, kiwe na vyoo vya bure, kisimlazimishe mtu kununua chochote, na kitoe maegesho ya bure ya angalau saa mbili kwa magari ya aina zote. Masharti haya yamo katika waraka wa Wizara ya Uchukuzi wa mwaka 2022, na yaliyoutangulia yalikuwa ya namna hiyohiyo. Waraka huohuo unataka umbali kati ya kituo na kituo usizidi maili 28, yaani kama nusu saa ya kuendesha. Hesabu nzima imejengwa juu ya uchovu wa dereva.

Tatizo linaanzia kwenye neno «angalau». Waraka unasema saa mbili ndizo kiwango cha chini. Baada ya hapo mwenye kituo ana uhuru wa kutoza, na karibu wote wanatoza. Gari dogo mara nyingi hulipa zaidi ya pauni 10 kwa kuongeza muda, na lori hulipa zaidi ya hapo. Ada hiyo unalipa mwenyewe, dukani, kwenye mashine, kwa simu au kwa programu, kabla hujaondoka au kwa muda uliotajwa kwenye bango. Usipoilipa ndipo inapokuja barua ya pauni 100. Hivi ni vitu viwili tofauti, na watu wengi wanaoniletea barua hawakujua kwamba kulikuwa na hicho cha kwanza. Sisi tuliozoea basi kusimama Korogwe au Mtito Andei, watu wakala, wakanyoosha miguu, na safari ikaendelea dereva akiridhika, hatuna mazoea ya kutafuta bango la saa mahali pa kupumzikia.

Sasa jibu la swali lako la kwanza. Hapana, si faini ya serikali. Kampuni iliyokuandikia ni ya binafsi, imeajiriwa na mwenye kituo kusimamia maegesho. Inachodai ni kwamba uliposoma bango na kuegesha, uliingia mkataba: saa mbili bure, zaidi ya hapo lipa, usipolipa unadaiwa pauni 100. Ni deni la madai, si kosa la jinai. Halileti alama kwenye leseni, haliandikwi kwenye rekodi ya polisi, na barua hii peke yake haigusi hadhi yako ya ukaazi. Hofu hiyo iondoe. Wakati mwingine barua huandikwa kwa herufi na rangi zinazofanana na za halmashauri au polisi, kwa hiyo kabla ya kufanya lolote soma jina la aliyekuandikia. Ikiwa ni halmashauri, njia ya kujibu ni nyingine kabisa.

Lakini wale wanaokwambia uitupe wanakupa ushauri uliokwisha muda wake. Zamani kulikuwa na hoja yenye nguvu kwamba kudai pauni nyingi kwa sababu ya saa moja ni adhabu, na mkataba hauruhusiwi kutoa adhabu. Hoja hiyo ilifika hadi Mahakama ya Juu katika kesi ya ParkingEye dhidi ya Barry Beavis, iliyoamuliwa Novemba 2015. Beavis aliegesha kwenye maegesho ya maduka mjini Chelmsford, ambako saa mbili zilikuwa bure, akazidisha dakika 56, akadaiwa pauni 85. Mahakama ilisema dai lile ni halali: mabango yalikuwa makubwa na wazi, na mwenye eneo alikuwa na sababu ya haki ya kutaka magari yapishane. Tazama jinsi hali yako inavyofanana na yake. Tangu siku ile, kumwandikia hakimu kwamba pauni 100 ni nyingi mno kwa saa moja na robo, bila hoja nyingine, ni kwenda kushindwa.

Hata hivyo kiasi chenyewe kina ukomo. Vyama viwili vya kampuni za maegesho, BPA na IPC, vilitoa mwongozo mmoja wa pamoja mwaka 2024. Kwa mwongozo huo dai la kawaida halipiti pauni 100, na anayelipa ndani ya siku 14 hupunguziwa angalau asilimia 40. Pauni 60 zako zimetoka hapo. Mwongozo pia unampa dereva dakika 10 za ziada baada ya muda kwisha, kwa hiyo mtu aliyekaa saa mbili na dakika saba hapaswi kupata barua kabisa. Wewe ulikaa saa tatu na dakika 15, dakika hizo hazikuokoi. Ila ukumbuke kwamba kamera husoma namba ya gari likiingia na likitoka, haziangalii lini ulizima injini. Foleni ya mafuta imo ndani ya hesabu, na foleni ya kutokea nayo imo. Kama usiku ule njia ya kutoka ilizibwa na ajali au lori bovu, hiyo ni hoja, itaje.

Tuje kwa mumeo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa zaidi. Kampuni haijui nani aliendesha. Inachofanya ni kupeleka namba ya gari DVLA, idara ya serikali inayosajili magari, ambayo inatoa jina na anwani ya aliyeandikwa kwenye kadi ya gari, ile V5C. Ndiyo maana barua imeandikwa kwa jina la mtu aliyekuwa Mombasa. Kisheria mdaiwa wa kwanza ni dereva. Lakini sheria ya mwaka 2012, Protection of Freedoms Act, inairuhusu kampuni kumdai mwenye jina kwenye kadi ikiwa dereva hajulikani, mradi kampuni itimize masharti. Pale ambapo hakuna tiketi iliyoachwa kwenye kioo na kila kitu kimefanywa na kamera, barua lazima imfikie ndani ya siku 14, kuanzia siku inayofuata ile gari lilipoondoka. Barua iliyotumwa kwa posta huchukuliwa kuwa imefika siku ya pili ya kazi baada ya kutumwa. Lazima pia imwonye kwamba siku 28 zikipita bila deni kulipwa na bila jina na anwani ya dereva kujulikana, yeye ndiye atakayedaiwa.

Barua yenu iliandikwa siku ya nane, na kama ilitumwa siku hiyohiyo, iko ndani ya muda. Ingekuja siku ya 20, ningekwambia mumeo aandike mistari mitatu tu: mimi ni mwenye kadi, barua imechelewa, sheria ya 2012 hainigusi. Kesi nyingi huishia hapo. Kwa hiyo chukua bahasha na barua, tazama tarehe ya kutumwa, hesabu siku kwa kidole kwenye kalenda. Usikisie.

Kuna jambo la jiografia pia. Sheria hiyo ya 2012 inamgusa mwenye kadi katika England na Wales. Haimgusi Scotland. Safari yako ilivuka mpaka Gretna, pale motowei ya Scotland, A74(M), inapokwisha na M6 kuanza kusini yake. Ungelala saa moja mapema, upande wa Scotland, kampuni ingebaki na dereva tu wa kumdai, na mumeo asingekuwa na wajibu wa kulipa. Wala hakuna sheria inayomlazimisha kumtaja dereva kwa kampuni binafsi. Wajibu wa kumtaja dereva upo polisi wanapouliza. Ndiyo maana nawaambia watu wasikimbilie kuandika «niliegesha», «nililala», «nilichelewa» kabla ya kujua kituo kiko upande gani na barua ilifika lini. Simaanishi uongo. Kamwe usiandike uongo, wala usimtaje mtu ambaye hakuendesha. Kutosema ni haki yako, kudanganya si haki.

Kwa kuwa kituo chako kiko England na barua inaonekana imewahi, kunyamaza hakukusaidii sana. Mumeo ana njia mbili: ajibu mwenyewe kama mwenye kadi, au akutaje wewe pamoja na anwani yako, na hapo deni linahamia kwako. Mimi ningechagua ya pili, kwa sababu hoja yako yenye uzito ni ya kibinadamu na inahitaji kusemwa na aliyekuwa kwenye usukani.

Hoja hiyo uipeleke sehemu mbili. Ya kwanza, ambayo watu huisahau, ni mwenye kituo mwenyewe, yaani kampuni inayoendesha maduka na vyoo pale, si kampuni ya maegesho. Yeye ndiye aliyewaajiri wenye kamera na ana uwezo wa kuwaambia wafute. Mwandikie meneja wa kituo. Eleza ulitoka wapi, uliendesha saa ngapi, nani walikuwa ndani ya gari, kwamba ulisinzia ukaona si salama kuendelea. Ambatisha risiti ya chochote ulichonunua, na kama hukuhifadhi risiti, taarifa ya benki inatosha. Chai mbili na chipsi za watoto zinaonyesha kwamba ulikuwa mteja. Andika kwa adabu, kwa ufupi, bila kutishia mtu. Nimeona barua za namna hiyo zikifanikiwa pale ambapo hoja za kisheria zisingefika popote.

Ya pili ni rufaa kwa kampuni ya maegesho. Una siku 28, lakini peleka ndani ya zile 14 za mwanzo. Kwa kawaida ukikata rufaa mapema na wakakukatalia, wanakurudishia nafasi ya kulipa kiasi kilichopunguzwa kwa siku 14 nyingine. Hakikisha barua yao inasema hivyo. Kwenye rufaa hiyo taja uchovu, lakini uliza pia mambo matatu: picha za gari likiingia na likitoka zenye saa, picha za mabango yaliyokuwepo usiku ule, na kama kulikuwa na bango penye mwanga mahali ulipoegesha. Bango lililo gizani saa saba usiku ni hoja ya kweli. Beavis alishindwa, pamoja na sababu nyingine, kwa kuwa mabango ya pale yalionekana. Kama una ndugu anayepita njia hiyo usiku, mwombe apige picha akiwa amesimama salama.

Zipo sababu nyingine zinazofuta dai, nazitaja kwa ajili ya wengine wenye barua kama yako. Gari kuharibika ni sababu nzito, ukiwa na karatasi ya fundi au ya kampuni ya uokoaji. Kuzuiwa na polisi au watu wa dharura vilevile. Kamera kuunganisha safari mbili kuwa moja hutokea pia: mtu anaingia asubuhi, anatoka, anarudi jioni, na mashine inasoma kuingia kwa kwanza na kutoka kwa mwisho. Mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba muda zaidi, na sheria ya usawa, Equality Act ya 2010, inamlinda pale mahitaji yake yanapomchelewesha. Mama yako, kama miguu yake inamfanya achukue muda mrefu kufika chooni na kurudi, hilo nalo ni jambo la kuandika. Anayechaji gari la umeme asidhani kwamba kuchaji kunasimamisha saa. Asome bango, maana vituo vingi vinahesabu muda wote.

Madereva wa malori hali yao ni nyingine, na miongoni mwetu wako wengi. Sheria inamtaka dereva wa lori apumzike dakika 45 baada ya saa nne na nusu za kuendesha, na hilo linaenea ndani ya saa mbili za bure. Lakini mapumziko ya siku ni saa 11, ambayo yanaweza kupunguzwa hadi 9 kwa siku chache, na hapo hakuna ujanja, lazima ulipie usiku. Mkubaliane na mwajiri mapema nani analipa, na iwe kwa maandishi.

Tuseme kampuni imekataa rufaa yako na mwenye kituo hakukusaidia. Hapo unafika njia panda. Kampuni ikiwa mwanachama wa BPA, itakupa namba ya kwenda POPLA, chombo huru cha rufaa, bure, ndani ya siku 28. Ikiwa ya IPC, utaelekezwa IAS. Uamuzi wa POPLA unaifunga kampuni, haukufungi wewe. Ila ukienda huko kwa kawaida unapoteza punguzo, na POPLA haitoi huruma: inaangalia kama dai ni halali, basi. Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni huu. Kama bango lilikuwa gizani, tarehe hazilingani, au picha zina kasoro, nenda POPLA bila woga. Kama kila kitu chao kimenyooka na kilichobaki ni uchovu peke yake, lipa pauni 60 kabla punguzo halijaisha, na ufunge jambo hili. Najua inauma kulipia usingizi uliokuepusha na ajali. Mimi naamini kituo kinapaswa kumwachia dereva wa usiku muda zaidi, na nimelisema hilo kila nilipopata nafasi. Lakini pauni zako na amani yako vina thamani kuliko kesi ambayo dalili zake ni za kushindwa.

Usichopaswa kufanya kabisa ni kunyamaza. Ukinyamaza, deni huenda kwa wakusanya madeni, ambao huongeza hadi pauni 70. Hao si madalali wa mahakama. Hawana ruhusa ya kuingia nyumbani kwako wala kuchukua kitu, na wakikupigia simu kwa ukali unaweza kukata. Lakini nyuma yao huja barua ya mwisho kabla ya kesi, inayokupa siku 30, kisha fomu ya mahakama yenyewe. Fomu hiyo ina ada yake na gharama za mwanasheria, na deni la pauni 100 hapo linaweza kupita pauni 250. Fomu ya mahakama una siku 14 za kuijibu, na ukithibitisha kwamba umeipokea unapata siku 28 kwa jumla kuandika utetezi. Usipojibu, hukumu inatolewa bila wewe kusikilizwa. Hukumu hiyo, CCJ, hukaa kwenye rekodi ya mikopo miaka sita, isipokuwa ukiilipa yote ndani ya mwezi mmoja. Nyumba ya kupanga, mkopo wa nyumba, hata mkataba wa simu vinaweza kukwama. Uliniuliza kuhusu karatasi zako: barua ya leo haina madhara, lakini hukumu ya deni ambalo halikulipwa hutaki ikufuate kwenye ombi lolote zito unalojaza.

Wengi ninaowaona wakiwa na hukumu hizi hawakukaidi. Walihama. Kadi ya gari ilibaki na anwani ya nyumba ya zamani, barua zote zikaenda huko, na habari wakazipata walipokataliwa mkopo. Kwa hiyo leo jioni mwombe mumeo aangalie V5C. Kama mmehama Leicester mtaa hadi mtaa bila kubadilisha, aingie tovuti ya DVLA abadilishe. Ni bure, na kutobadilisha kwenyewe kunaweza kuleta faini hadi pauni 1,000, na hiyo ndiyo ya serikali.

Safari ijayo ya usiku, ukifika kituoni, kabla ya kuinamisha kiti weka kengele ya simu ilie baada ya saa moja na dakika 40. Ikilia na bado una usingizi, usiwashe gari. Ingia dukani ulipe ada ya kuongeza muda, uhifadhi risiti, urudi ulale. Ukilipa kwa programu, itafute mwenyewe kwa jina lililo kwenye bango. Usipige picha ya msimbo wa QR uliobandikwa kwenye mashine, maana matapeli hubandika ya kwao juu yake. Na andika namba ya gari herufi kwa herufi, kwa sababu herufi moja ikikosewa kamera itaona kwamba hukulipa.

Barua kwa meneja wa kituo ipeleke wiki hii, na ya rufaa siku hiyohiyo. Rufaa itume kupitia tovuti ya kampuni na upige picha ya ukurasa wa mwisho unaoonyesha kwamba imepokelewa. Ukitumia posta, omba cheti cha kuthibitisha umetuma, ambacho hakina malipo. Wakijibu, nitumie jibu lao na picha za mabango, nizitazame kabla hujaamua kulipa au kwenda POPLA.